Ajali, Uteule na Swali la Mama

Wiki mbili baada ya kumzika mdogo wangu, mama alinipigia simu usiku wa manane. Kwake, katika miteremko ya Kilimanjaro, ilikuwa saa moja ya asubuhi, na nyuma ya sauti yake niliwasikia kuku na mtu akifagia uwanja. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo kama mtu anayeupima mzigo kabla ya kujitwisha. Kisha akasema: "Baba, wewe ndiye uliyesoma. Nieleze. Mdogo wako yuko wapi sasa?"

Nilimwambia kwamba mtandao unakatika, nikakata simu. Mtandao haukuwa unakatika.

Ili msomaji auelewe uzito wa swali lile, sina budi kueleza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mdogo wangu alikufa akiendesha bodaboda, akiwa na umri wa miaka 31, alipokutana uso kwa uso na lori lililokuwa likilipita basi katika barabara iendayo Arusha. Pikipiki ile niliinunua mimi. Alikuwa ameniomba kwa miezi mingi, na mama alikuwa amekataa kwa miezi hiyo hiyo. Mwishowe nilituma fedha bila kumwambia mama, fedha za zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan. Nilijiona mkombozi.

La pili ni kwamba alikufa akiwa ametengwa na kanisa. Sisi ni Walutheri tangu enzi za babu. Wamisionari wa Leipzig walifika Uchaga mwaka 1893, na haukupita muda mrefu ukoo wetu ukawa ndani ya vitabu vyao. Mdogo wangu aliishi na mwanamke bila ndoa ya kanisani. Akaonywa, akaonywa tena, akazuiwa kuishiriki meza ya Bwana, na hakurudi kundini. Siku ya maziko mchungaji hakuja. Mzee wa kanisa alisali sala fupi, kwaya haikuimba, na kengele haikupigwa. Niliyatazama hayo yote kwenye simu nikiwa ndani ya gari, katika maegesho ya mahali pangu pa kazi, kwa sababu hati zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa na kama ningetoka nchini nisingeruhusiwa kurudi. Binamu aliyeishika simu alichoka mkono, nikawa naona viatu vya waombolezaji na udongo.

Waliokuja kuhani walikuwa na neno moja kwa mama: siku yake ilikuwa imefika. Mama mwenyewe alinipa neno hilo hilo siku aliyopata habari za pikipiki. "Hukumuua wewe," aliniambia. "Ajali yake ilikuwa imeandikwa."

Kiswahili kina hekima ya ajabu, na pengine hatari yake, katika neno hili. Ajali tunayoitumia leo kwa magari yaliyogongana ni neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, kikomo cha uhai wa mtu. Katika Kiswahili cha zamani mtu alifikiwa na ajali yake hata akiwa kitandani. Kwa hiyo kila tunaposema kwamba fulani amekufa kwa ajali, tunasema mambo mawili yanayopingana ndani ya neno moja: kwamba jambo lilitokea bila kukusudiwa, na kwamba lilikusudiwa kabla hajazaliwa. Ajali haina kinga, tunasema, na hatuulizani ni ajali ipi kati ya hizo mbili. Kando ya neno hili yako mengine yaliyotoka katika bahari hiyo hiyo: kadari, kudura, majaliwa, riziki. Hata hiari, neno tunaloliegemea tunapotaka kusema kwamba mtu yuko huru, lilivuka nayo bahari. Wakristo wa Afrika Mashariki walipoanza kubishana juu ya uteule na utashi, walizikuta silaha za mabishano zimekwisha kufuliwa na Waislamu waliobishana kabla yao.

Lakini faraja ya mama ilikuwa inajibu swali ambalo si lile aliloniuliza usiku. Siku ya kufa ni jambo la maongozi ya Mungu juu ya ulimwengu. Uteule, kwa maana ya wanatheolojia, ni jambo jingine: ni nani ataokolewa, na ni nani aliyeamua. Watu wengi, nami nikiwamo, huyachanganya haya mawili. Mama hakuyachanganya. Alikuwa amekwisha kulikabidhi lori kwa Mungu. Alichotaka kujua ni kama Mungu alimtaka mtoto wake.

Sikuwa na mahali pabaya pa kulitafutia jibu. Eneo hili la magharibi mwa Michigan lilijengwa kwa sehemu kubwa na Waholanzi walioliacha taifa lao kwa ajili ya imani. Mji jirani wa Holland ulianzishwa mwaka 1847 na mchungaji Albertus van Raalte na wafuasi wake. Makanisa yao mengi bado yanazishika Kanuni za Dordrecht, hati iliyotolewa na sinodi iliyokaa katika mji huo wa Uholanzi kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619. Miongoni mwa wazee niliowatunza alikuwako seremala mmoja mstaafu aliyezisoma kanuni hizo tangu utotoni kama sisi tulivyoisoma Katekisimo Ndogo ya Luther. Usiku alikuwa halali. Nilipokwisha kumgeuza upande na kumnywesha maji, alipenda kuzungumza.

Kwake yeye nilijifunza habari ambazo vitabu vyangu vya chuo vilikuwa vimezipita mbio. Jacobus Arminius, profesa wa Leiden, alifariki mwaka 1609 akiwa amefundisha kwamba Mungu huwachagua wale ambao aliona tangu awali kuwa wataamini. Mwaka uliofuata wafuasi wake waliandika vifungu vitano vya malalamiko. Watu hudhani kwamba vifungu hivyo vilidai mwanadamu anaweza kujiokoa. Sivyo. Vilikiri kwamba bila neema mtu hawezi kuwaza wala kutenda lolote lililo jema. Tofauti ni kwamba vilisema neema hiyo yaweza kukataliwa. Sinodi ilijibu kwamba uteule hautegemei imani iliyoonwa mbele, bali imani ndiyo tunda la uteule, na kwamba neema ya Mungu haishindwi na ukaidi wa mtu aliyemchagua.

Hoja hizo hazikubaki ndani ya vitabu. Siku chache baada ya sinodi kumaliza kazi yake, Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali aliyewaunga mkono wafuasi wa Arminius, alikatwa kichwa mjini The Hague akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Makosa aliyoshtakiwa yalikuwa ya kisiasa, lakini hakuna aliyekuwa haoni mstari uliounganisha mambo hayo. Hugo Grotius, mwanasheria mashuhuri, alifungwa katika ngome ya Loevestein, akatoroka mwaka 1621 akiwa amejificha ndani ya sanduku la vitabu. Seremala wangu alicheka kila alipolifikia sanduku lile, ijapokuwa alikuwa upande wa walioifunga ngome.

Usiku mmoja nilimwuliza kama mafundisho hayo hayakumtisha. Calvin mwenyewe, aliyeyafundisha kwa ukali kuliko wengi, alikiri kwamba amri ya Mungu ya kuwaacha wengine ni ya kutisha. Mzee alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba mwaka 1961 alimzika mtoto wa wiki tatu. Mchungaji wake hakumhubiria. Alimfungulia kifungu cha 17 cha sura ya kwanza ya kanuni zile, kinachosema kwamba wazazi wachamungu wasiwe na shaka juu ya uteule wa watoto wao wanaoitwa kutoka katika maisha haya wangali wachanga. "Nilikisoma kila usiku kwa mwaka mzima," alisema. "Kama jambo lile lingetegemea chaguo la mtoto, ningekuwa na nini?"

Sikuwa nimewahi kuliona fundisho la uteule kwa upande huo. Nililijua kama mlango unaofungwa. Kwa mzee yule lilikuwa mkono uliomshika mtoto asiyeweza kushika chochote. Nilitoka chumbani mwake nikiwa na wivu, kwa sababu kifungu cha 17 hakikumhusu mdogo wangu. Yeye alikuwa na miaka 31. Alikuwa na mikono, na watu wote wa usharika walikuwa wameona alivyoitumia.

Jumapili alasiri, katika jengo la kanisa la Waholanzi hao hao, husaliwa ibada ya Kiswahili. Waumini wengi ni Wakongo waliokuja kama wakimbizi, na Kiswahili chao, chenye Kifaransa ndani yake na irabu zinazoimba, ndicho kilichonivuta kwanza. Mhubiri wao hajapata kutaja jina la Arminius madhabahuni, lakini ni mwanafunzi wake kamili. Kila Jumapili husema kwamba Mungu amebisha hodi na kitasa kiko upande wetu. Mahubiri yake yana ndugu zake katika historia: mwaka 1739 John Wesley alihubiri Bristol dhidi ya uteule usio na masharti, akisema kwamba fundisho hilo linamfanya Mungu kuwa mkatili kuliko shetani. Rafiki yake George Whitefield, aliyeamini uteule huo, alimjibu kwa barua iliyochapishwa, na urafiki wao ukapasuka.

Mahubiri ya hiari yalinipa nguvu kwa wiki kadhaa. Yaliniheshimu. Yalimheshimu na mdogo wangu pia, kwa kuwa yalikataa kumfanya kipande cha mbao mikononi mwa fundi. Lakini kila nilipoyapeleka hadi mwisho wake niliukuta ukuta. Kama kitasa kilikuwa upande wake, basi hakukifungua. Na mimi, kwa hiari yangu kamili, nilituma fedha. Mahubiri ya hiari hayakuwa na mahali pa kumweka mtu ambaye chaguo lake limekwisha kufanyika na hawezi kulirudia.

Baada ya ibada moja nilimsaidia mama mmoja wa kutoka Kivu Kusini kubeba sufuria hadi garini. Alikuwa ameishi miaka 17 katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Nilimwuliza, kwa namna ya mazungumzo tu, anaonaje juu ya uteule. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anaijua mvua.

"Mimi nimeona orodha," alisema.

Akanieleza jinsi majina ya waliokubaliwa kupelekwa ng'ambo yalivyobandikwa ubaoni. Yeye na dada yake walikimbia pamoja, walifika kambini siku moja, walijaza fomu siku moja, walihojiwa wiki moja. Jina lake lilikuwa ubaoni. La dada yake halikuwapo, na miaka mingi baadaye halijawapo. Hakuna aliyewaeleza sababu. "Hatukuwa na tofauti," alisema. "Yeye ni mwema kuliko mimi." Nikamwuliza inakuwaje anaweza kumwimbia Mungu kwa furaha namna ile. Akajibu kwamba anaimba kwa sababu alitoka, na kila Jumamosi anampigia dada yake kwa sababu alimwacha. Kwamba mtu aliyeitwa bila kustahili hana ruhusa ya kumsahau asiyeitwa. Kisha akaniomba nifunge buti ya gari taratibu, sufuria zisimwagike.

Nimesoma kurasa nyingi juu ya sura ya tisa ya Waraka kwa Warumi, ambako Paulo anazungumza juu ya Yakobo na Esau na juu ya mfinyanzi na udongo. Sijasoma ufafanuzi ulionifikisha karibu zaidi na sura hiyo kuliko mazungumzo yale kando ya gari. Watu husahau kwamba Paulo anaianza sura ile kwa kilio. Anasema ana huzuni isiyokoma kwa ajili ya ndugu zake wasioamini, hata yuko tayari yeye mwenyewe kutengwa na Kristo kwa ajili yao. Hoja zote za uteule zinazofuata zinatoka kinywani mwa mtu ambaye ndugu zake hawamo katika orodha. Ukizitoa hoja hizo katika kilio kile na kuziweka katika kitabu cha kanuni, huenda maneno yasibadilike, lakini anayeyasema amekuwa mtu mwingine.

Niliporudi kwa Agostino wa Hipo nilimsoma tofauti. Sisi Waafrika tulio ng'ambo hupenda kukumbushana kwamba alikuwa mtu wa Afrika, mzaliwa wa Thagaste katika Aljeria ya leo, na kwamba mpinzani wake Pelagio, aliyefundisha uwezo wa hiari ya mwanadamu, alitoka Britania. Baraza la Karthago la mwaka 418 liliyakataa mafundisho ya Pelagio. Lakini Agostino aliyeandika uzeeni juu ya kuchaguliwa kwa watakatifu alikuwa pia mtoto wa Monika, aliyemlilia mwanawe kwa miaka mingi alipokuwa nje ya kanisa, akiishi na mwanamke bila ndoa. Nilicheka peke yangu nilipoliona hilo. Baba wa fundisho la uteule angetengwa katika usharika wetu. Na yeye mwenyewe, alipotazama nyuma, hakusema kwamba alirudi kwa sababu alichagua vema. Alisema kwamba alifuatwa.

Kuna jambo jingine lililobaki nami. Whitefield alifariki Massachusetts mwaka 1770. Wesley, aliyeliita fundisho lake kufuru, ndiye aliyehubiri London katika ibada ya kumkumbuka, kwa kuwa Whitefield mwenyewe alikuwa ameomba iwe hivyo. Hakuna aliyekuwa amemshawishi mwenzake. Nililinganisha ibada ile na sala fupi ya mzee wa kanisa kando ya kaburi la mdogo wangu, na hasira niliyokuwa nimeificha kwa muda mrefu ikapata jina lake. Sikuwa nimeukasirikia uteule wala hiari. Nilikuwa nimewakasirikia watu walioisoma orodha ya Mungu kabla ya Mungu kuibandika.

Hapo nilikumbuka kwamba kanisa letu wenyewe lina urithi juu ya jambo hili, nao haukufuatwa. Luther aliandika dhidi ya Erasmus mwaka 1525 kwamba utashi wa mwanadamu mbele ya Mungu umefungwa, na maneno yake ni makali kama ya Calvin. Lakini Walutheri waliokutana kupatana mwaka 1577 walikataa kwenda hadi mwisho wa njia ile. Walikiri kwamba anayeokolewa anaokolewa kwa uteule wa Mungu peke yake. Walikataa kusema kwamba anayepotea amepotezwa na Mungu. Wanamantiki wamewacheka kwa karne nyingi, maana ukifunga mlango mmoja hesabu inakutaka uufunge na wa pili. Wao waliuacha wazi kwa kusudi. Walisema uteule ulifunuliwa ili kufariji, na kwamba mtu asiutafute katika shauri la Mungu lililofichika bali katika Kristo, katika Neno na katika ubatizo.

Nilimpigia mama siku ya Jumapili, mchana kwangu na jioni kwake. Nilikuwa nimeandika maelezo kwenye karatasi. Nilimwambia kwanza kwamba mtandao siku ile haukukatika. Alisema anajua.

Kisha nikaanza kusoma nilichoandika: kwamba hakuna mchungaji wala mzee wa kanisa anayeijua hesabu ya Mungu, kwamba kutengwa ni nidhamu ya watu, yenye kusudi la kumrudisha mtu, wala si hukumu ya mbinguni, kwamba mdogo wangu alibatizwa. Hapo alinikatiza. Akaniomba nisubiri. Nilisikia mlango wa kabati, mifuko ya plastiki, kisha sauti yake ikirudi.

"Ninacho cheti hapa," alisema. "Nimekitoa siku ile ile ya maziko. Walimtoa mezani, lakini kitabuni hawakumfuta. Nilikwenda kuuliza ofisini. Wakanionyesha jina."

Alikuwa amekwenda peke yake, kwa miguu, kabla ya kuniuliza mimi. Aliniuliza ili ajue kama waliosoma wanaona kama yeye alivyoona. Nikamwambia kwamba wapo, na kwamba wamekuwapo kwa karne nyingi, ijapokuwa hawakukubaliana. Akasema, "Basi wewe nawe ujiachilie," na sikumjibu, kwa kuwa juu ya hilo sijapata jibu. Naamini kwamba mama alinisamehe. Naamini pia kwamba fedha zile nilizituma mimi, na hakuna kadari iliyoninyoshea mkono. Nimejifunza kuishi na sentensi hizo mbili bila kuifanya moja imeze nyingine.

Kabla ya kuagana alinikumbusha kwamba pikipiki ilikuwa imerudishwa na polisi na sasa iko uwanjani, chini ya turubai. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, lakini injini ilikuwa nzima. Kijana mmoja wa jirani alitaka kuinunua. Wajomba walisema iuzwe, shangazi alisema ichomwe. "Mimi sitaamua," mama alisema. "Ni yako. Amua wewe."

Nilikaa siku nne. Kisha nilimwambia auze, kwa sharti kwamba kwanza ipelekwe kwa fundi iwekewe gurudumu jipya na breki mpya, mbele na nyuma, na kwamba kijana apewe na kofia ngumu, gharama zote juu yangu. Fundi alituma picha za breki. Niliziangalia kwa muda mrefu, ingawa sijui lolote juu ya breki, kisha nikatuma fedha.